Kutoka Kukubaliana Bei Hadi Siku ya Kuhamia: Njia Salama ya Kuuza na Kununua Nyumba Juba



Watu wawili wakishakubaliana bei ya nyumba, hupeana mikono, hunywa chai, na kila mmoja hurudi kwake akiamini kwamba kazi imekwisha. Kwa kweli kazi ndiyo kwanza imeanza. Kati ya siku ile na siku ambayo mnunuzi anashusha vitanda vyake uani, hupita majuma kadhaa, pengine miezi. Ndani ya muda huo ndimo fedha hupotea, hati hughushiwa, ndugu hugombana, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hufikia kutishana kwa silaha. Shauri la namna hiyo linapofika kituoni, mara nyingi huwa limekwisha kuharibika: arbuni imeliwa, dalali hapatikani kwa simu, na watu wawili wameshika karatasi mbili zinazotaja kiwanja kimoja.

Tumeandika makala haya hasa kwa ajili yenu mnaoishi mpakani, huko Nimule, Kaya, Kajo Keji na Nadapal, na kwa jamaa zenu walio ng'ambo. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yaliwafukuza watu wengi kutoka Juba. Wako waliofika Bidi Bidi, kambi iliyofunguliwa Agosti 2016 wilayani Yumbe nchini Uganda. Wako waliofika Kakuma nchini Kenya. Nyumba zao zilibaki. Leo baadhi yao wanaziuza ili walipe karo au waanzishe biashara, na wengine wanarejea na kutafuta mahali pa kununua. Hutokea basi kwamba muuzaji yuko Yumbe, nyumba iko Gudele, mnunuzi yuko Nimule, na dalali anazunguka kati yao akiwa na simu mbili. Biashara ya namna hii yaweza kwenda salama, mradi ifuate utaratibu. Utaratibu wenyewe twaweza kuufupisha hivi: fedha isitangulie karatasi, na funguo zisitangulie fedha.

Ni nani awezaye kununua

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya watu binafsi. Viwanja vingi vilivyopimwa katika mji wa Juba hushikwa kwa kukodishwa na serikali kwa muda maalum, na hupangwa kwa madaraja. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike kuuliza ukubwa wa kiwanja na idadi ya vyumba. Aulize pia kiwanja ni cha daraja lipi, muda wake umebaki miaka mingapi, na kama kodi ya serikali imelipwa. Anayenunua nyumba ambayo muda wa kiwanja chake umekwisha, amenunua kuta pamoja na deni la kuhuisha hati.

Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, mtu asiye raia wa Sudan Kusini hawezi kumiliki ardhi nchini moja kwa moja. Anaweza kukodisha, kwa muda usiozidi miaka 99. Jambo hili linawagusa sana watu wa mpakani, ambako ndoa na biashara havitambui mstari uliochorwa kwenye ramani. Wako wanaodhani kwamba tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mfanyabiashara kutoka Arua au Eldoret anaweza kununua kiwanja Juba kama raia. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo imeliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi mwanachama.

Wengine huikwepa sheria kwa kumtumia rafiki raia, jina lake likaandikwa kwenye hati huku fedha zikitoka kwa mgeni. Siku rafiki huyo akifa au akigeuka, mgeni hana la kuonyesha mahakamani, maana karatasi zote zinamtaja mwingine. Njia iliyo halali kwake ni mkataba wa kukodi ulioandikwa vizuri na kuandikishwa. Mkataba huo ni ulinzi wa kweli, wala si jambo la kuona aibu.

Siku za mwanzo: chunguza kabla ya kulipa

Bei ikishakubaliwa, dalali mara nyingi husema kuna mnunuzi mwingine anakuja jioni, kwa hiyo toa arbuni sasa hivi. Tunawaomba msikubali kukimbizwa. Kama nyumba ni yake kweli, muuzaji hapotezi chochote kwa kukungoja siku chache za uchunguzi. Asiyeweza kungoja ana sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo utakayoigundua baadaye.

Uchunguzi una sehemu tatu, na kila sehemu ina ofisi yake. Kwanza ni daftari la ardhi, ambalo liko chini ya Mahakama. Nenda huko pamoja na muuzaji mwenyewe, ukiwa na namba ya kiwanja, namba ya bloku na jina la mtaa, muombe cheti cha upekuzi. Cheti hicho huonyesha kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama juu yake. Soma tarehe yake. Cheti cha miezi sita iliyopita kinaeleza hali ya miezi sita iliyopita, na kiwanja huweza kuwekwa rehani kwa siku moja.

Pili ni ofisi ya jimbo inayoshughulikia ardhi na upimaji. Huko utaulizia ramani, kisha utaomba mpimaji afike kiwanjani aonyeshe mawe ya mpaka. Usipuuze hatua hii. Katika mitaa iliyokua haraka baada ya Mkataba wa Amani wa Januari 2005, kama vile Gudele na Munuki, na ng'ambo ya mto kule Gumbo na Sherikat, si ajabu kukuta ukuta umejengwa mita mbili ndani ya kiwanja cha jirani, au njia ya umma imegeuzwa kuwa jiko. Mnunuzi akilijua hilo mapema, atapunguza bei au ataacha. Akilijua baada ya kuhamia, amerithi ugomvi.

Tatu ni watu. Tembea mtaani mchana, na usitembee na dalali peke yake. Wasalimie majirani wa pande zote nne. Mwone mzee wa mtaa na chifu. Waulize nyumba hii ni ya nani, nani aliijenga, nani aliishi humo kabla ya vita, na kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuja kuiulizia. Daftari laweza kukosa habari ambayo bibi anayeuza chai kwenye kona anaijua tangu zamani.

Hapa tuongeze neno kuhusu barua za machifu. Pembezoni mwa Juba kuna ardhi ya jamii, na idhini ya jamii husika pamoja na viongozi wake wa jadi ni jambo la lazima huko. Lakini kwa kiwanja kilichopimwa mjini, barua ya chifu peke yake ni ushahidi wa kumtambua mtu. Haiwezi kuchukua nafasi ya uandikishaji. Mwenye barua hiyo tu, awe muuzaji au mnunuzi, bado hajafika mwisho wa safari.

Karatasi husema umri wake

Wanaoghushi hati huwa na mihuri mizuri, lakini hujikwaa katika historia. Tunawapa hapa mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyatazama kabla ya kwenda kwa wakili.

Tazama jina la nchi. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Hati inayodaiwa kutolewa kabla ya siku hiyo haiwezi kubeba jina la Jamhuri ya Sudan Kusini. Tazama sarafu. Paundi ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011; mkataba wa mwaka 2009 unaotaja fedha hiyo uliandikwa baadaye kuliko unavyodai. Tazama namba ya simu kwenye muhuri. Namba ya nchi yetu, 211, ilianza baada ya uhuru, hivyo haiwezi kuonekana kwenye muhuri wa mwaka 2008.

Tazama pia jina la jimbo. Eneo la Juba lilikuwa katika jimbo la Bahr al-Jabal kabla ya mwaka 2005, kisha likawa katika Ekuatoria ya Kati. Majimbo yalipogawanywa upya mwishoni mwa 2015, Juba ikawa katika jimbo lililoitwa Jubek, hadi majimbo 10 yaliporejeshwa Februari 2020. Kwa hiyo hati yenye jina la Jubek si ya uongo kwa sababu hiyo tu, ikiwa ni ya miaka ile. Lakini hati yenye jina la Jubek iliyoandikwa mwaka 2012, au mwaka 2023, yahitaji maelezo. Hati za zamani zilizoandikwa kwa Kiarabu nazo zisitupwe wala zisiaminiwe kwa macho. Zipelekwe kwenye daftari zilinganishwe na kumbukumbu.

Ukiona kasoro, usimshambulie muuzaji. Huenda naye alidanganywa na aliyemuuzia. Simamisha malipo, hifadhi nakala, kisha ulizia ofisini. Kama ni wazi kwamba hati imeghushiwa, njoo kituoni, maana kughushi hati na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 2008.

Muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka

Kama muuzaji aweza kuja Juba mwenyewe bila hatari, na aje. Kama hawezi, itabidi ampe mtu mwingine mamlaka ya kuuza kwa niaba yake, kwa hati ya uwakilishi. Karatasi hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika biashara ya mbali, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Hati nzuri ya uwakilishi hutaja kiwanja kwa namba yake, humtaja mwakilishi kwa jina kamili na namba ya kitambulisho, na hueleza anachoruhusiwa kufanya. Je, anaruhusiwa kuuza, au kutunza tu? Anaruhusiwa kupokea fedha, au fedha ziende moja kwa moja kwa mwenye nyumba? Bei isishuke chini ya kiasi gani? Ruhusa yake inakwisha lini? Hati isiyojibu maswali haya ni mlango ulioachwa wazi. Itiwe saini mbele ya wakili huko aliko muuzaji, kisha ipelekwe kuthibitishwa katika ubalozi wa Sudan Kusini, Kampala au Nairobi, ili ofisi za Juba zisiwe na sababu ya kuikataa.

Mnunuzi naye asiridhike na karatasi. Ampigie muuzaji simu ya picha, akiwa pamoja na mzee au jamaa anayemfahamu kwa sura na sauti. Amwulize maswali ambayo mwenye nyumba pekee angeyajua: mti gani uko mbele ya mlango, jirani wa kushoto ni nani, kisima kiko wapi. Mazungumzo ya robo saa yamewahi kuokoa akiba ya miaka mingi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa. Kaka aliyepewa mamlaka na dada yake aliyekuwa Bidi Bidi hana mamlaka tena siku dada huyo akifariki, hata kama muhuri bado unang'aa. Kuanzia hapo nyumba ni ya warithi, na warithi hutambuliwa na mahakama. Anayenunua kwa hati ya marehemu atakuja kukutana na watoto wa marehemu mlangoni.

Wenye sauti ndani ya nyumba

Nyumba huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huishiwa na wengi. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inampa mwanamke haki ya kumiliki mali, na inampa mjane haki ya kushiriki katika urithi wa mumewe pamoja na warithi wengine. Kwa hiyo kauli kwamba mambo ya kiwanja ni ya wanaume haina nguvu mbele ya sheria. Mnunuzi mwenye busara huomba kumwona mke au wake wa muuzaji, na pale baba alipofariki, huomba kuwaona mjane na watoto wakubwa. Ridhaa yao iandikwe na itiwe saini katika karatasi ileile ya mkataba. Saini ya mama mmoja leo huzuia kesi ya miaka mitano kesho.

Jambo la pili ni makaburi. Kwetu familia nyingi huzika wapendwa wao uani, na kiwanja kinapouzwa, kaburi la babu au la mtoto halihamishwi kama kabati. Ugomvi wa makaburi ni mchungu kuliko ugomvi wa fedha, kwa sababu hakuna upande unaojiona una makosa. Lizungumzeni mapema, mbele ya wazee. Je, kaburi litabaki na kuheshimiwa, na familia itaruhusiwa kulizuru? Au litahamishwa kwa taratibu za jadi na za dini, kwa gharama ya nani, na kabla ya tarehe ipi? Mtakaloamua liandikwe.

Jambo la tatu ni waliomo. Nyumba nyingi zilizoachwa wakati wa vita zimekaliwa na watu wengine. Wengine ni wapangaji wenye mkataba. Wengine ni jamaa walioachiwa ulinzi. Wengine ni watu waliokimbia vita kutoka sehemu nyingine, wakaingia palipokuwa wazi. Na wengine waliingia kwa nguvu. Kila kundi lina hali yake kisheria, lakini kwa mnunuzi ushauri ni mmoja: usilipe bei yote ya nyumba yenye watu ndani kwa ahadi kwamba watatoka. Muuzaji ndiye mwenye wajibu wa kuikabidhi nyumba ikiwa tupu, kwa maelewano au kwa amri ya mahakama.

Mkataba na malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Mkataba uandikwe na wakili, na usainiwe na muuzaji, mnunuzi na mashahidi wa pande zote mbili. Dalali asiwe shahidi pekee, kwa kuwa naye ana fungu lake. Uandikwe katika lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Kama mmoja haelewi, asomewe na mtu wake mwenyewe kabla ya kutia saini au dole gumba.

Ndani ya mkataba pawe na maelezo ya kiwanja, bei, sarafu, awamu za malipo, tarehe ya kukabidhi funguo, nani atalipa ada na kodi za kuhamisha jina, na nini kitatokea kama upande mmoja utashindwa. Sarafu si jambo dogo. Desemba 2015 paundi yetu iliachwa ijipime yenyewe sokoni, na thamani yake ikaporomoka. Waliokuwa wameahidiana malipo ya awamu kwa paundi bila kutaja kiwango cha kubadilishia wakajikuta katika magomvi. Mwulizeni wakili ni sarafu ipi inayofaa kisheria kuandikwa, na kama malipo yatachukua miezi, mkubaliane tangu mwanzo ni kiwango cha siku gani kitatumika.

Arbuni iwe ndogo, nayo itolewe baada ya cheti cha upekuzi kuonekana, kwa risiti inayoeleza kama itarudishwa endapo uchunguzi utaonyesha kasoro. Sehemu kubwa ilipwe wakati wa kutia saini mkataba. Sehemu ya mwisho ibaki hadi jina litakapohamishwa na nyumba kukabidhiwa tupu. Mpango huu humlinda mnunuzi, na humlinda muuzaji pia, kwa kuwa hatoi funguo kabla ya kupata haki yake.

Kuhusu usalama wa fedha tunasema wazi: msibebe fedha za nyumba katika mfuko wa nailoni kutoka Konyo Konyo hadi Munuki. Mkutane ndani ya benki, mhesabu mbele ya karani, na muuzaji aweke fedha papo hapo. Noti za dola zikaguliwe hapo hapo, maana ni vigumu baadaye kuthibitisha noti bandia ilitoka kwa nani. Siku na saa ya malipo zijulikane na watu wachache iwezekanavyo. Bodaboda aliyewapeleka hana haja ya kujua mmekwenda kufanya nini.

Mkataba ukishasainiwa, watu wengi hupumzika. Msipumzike. Mkataba unathibitisha kwamba mliuziana. Ni uandikishaji katika daftari ndio unaomtambulisha mnunuzi kwa nchi nzima kuwa mwenye haki. Muuzaji asiye mwaminifu akiona jina lake bado limo daftarini, aweza kuuza mara ya pili, na mnunuzi wa pili akakimbilia kuandikisha. Pelekeni mkataba na hati mapema, lipeni ada kwenye dirisha rasmi, chukueni risiti ya kila malipo, na msiondoke bila kujua tarehe ya kurudi kuchukua hati mpya.

Kazi ya polisi, na isiyo kazi ya polisi

Mara kwa mara huja mtu kituoni akiwa na mkataba mkononi na kutuomba tumpe askari wawili wakamtolee watu ndani ya nyumba yake. Tunaelewa uchungu wake. Lakini polisi hawaamui ni nani mwenye nyumba. Hilo huamuliwa na mahakama, au na vyombo vya usuluhishi wa ardhi ambavyo sheria imeviweka. Askari aliyevaa sare mlangoni hawezi kuwa hati. Amri ya mahakama ikitolewa, kazi yetu ni kusimamia utekelezaji wake kwa amani, mchana, bila kumpiga mtu wala kuharibu vyombo vyake.

Vivyo hivyo, mwenye haki hapotezi haki yake kwa kungoja mahakama, lakini anaweza kujiingiza katika kosa kwa kwenda na vijana wenye marungu au na ndugu mwenye bunduki. Hapo shauri la kiwanja hugeuka kuwa shauri la kujeruhi au la kuua, na kutoka shauri la watu wawili likawa la koo mbili.

Yaliyo kazi yetu ni haya: kupokea malalamiko ya kughushi, utapeli, vitisho, kuvunja nyumba na kuingia kwa nguvu, kuyachunguza, na kuweka amani wakati shauri likisubiri. Njooni na nakala za karatasi, si na zile halisi peke yake. Njooni na namba za simu na majina ya mashahidi. Mtu akikudai fedha za pembeni ili apokee malalamiko yako, uliza jina lake na umwone mkubwa wa kituo. Na kabla mambo hayajafika huko, zitumieni kamati za uhusiano wa polisi na jamii zilizopo katika mitaa mingi. Wanakamati wake ni majirani zenu, na neno lao husikika mapema kuliko king'ora cha gari letu.

Siku ya kuhamia

Siku hii ikifika kwa utaratibu tuliousema, ni ya furaha. Hamieni mchana. Lori linaloshusha vitu usiku huwatia majirani hofu na huzua maswali barabarani. Siku moja kabla, mjulisheni mzee wa mtaa kwamba familia mpya inaingia, na mkiweza, muuzaji mwenyewe awatambulishe kwa majirani. Utambulisho huo wa nusu saa ni ulinzi mkubwa kuliko ukuta wenye miiba.

Wanaotoka Nimule wakumbuke kwamba barabara ya kwenda Juba, kilomita 192 za lami, imewahi kushuhudia mashambulizi dhidi ya magari. Safirini mchana, pamoja na magari mengine, na ulizeni hali ya njia asubuhi ileile. Wanaovusha vyombo kutoka Elegu waandike orodha ya kila kitu kabla ya kufika forodhani. Orodha huharakisha ukaguzi na husaidia kitu kikipotea. Wakati wa mvua, tumeni mtu atazame kwanza njia ya kuingia mtaani, maana lori hukwama hatua chache tu kutoka lango la nyumba.

Mkifika, ingieni pamoja na muuzaji au mwakilishi wake, mkiwa na mkataba. Kagueni kila chumba, andikeni kilichopo na kilichovunjika, someni mita ya umeme, kisha tieni saini karatasi ya makabidhiano. Badilisheni vitasa na makufuli siku hiyohiyo. Na kama nyumba au ua ulikaa bila watu tangu mapigano ya 2013 au 2016, msichome taka wala kuchimba shimo kabla ya kutazama kwa makini. Mkiona risasi, bomu au chuma msichokielewa, msikiguse na msimruhusu mtoto kukisogelea. Wekeni alama kwa mbali, kisha tujulisheni ili tuwaite wataalamu wa Mamlaka ya Taifa ya kushughulikia mabomu yaliyotegwa ardhini.

Muuzaji naye ana haki ya kuondoka kwa amani. Apewe muda wa kuchukua vitu vyake vyote, pamoja na picha za ukutani na mbegu alizohifadhi darini. Aachiwe namba ya simu ya mnunuzi, na mnunuzi abaki na yake, kwa kuwa barua na wageni wa zamani wataendelea kuja kwa muda. Karatasi zote ziwekwe nakala mahali pawili, moja nyumbani na moja kwa jamaa anayeaminika, hata kama ni ng'ambo ya mpaka. Waliokimbia mwaka 2016 wanajua jinsi mtu anavyoweza kuondoka nyumbani kwake dakika chache tu baada ya kusikia mlio wa kwanza. Waliotoka na hati zao mkononi walikuwa na la kuonyesha walipotaka kurudi.